Kamba ya King'ora cha Bwana Pruett

Hapo zamani, huko Marekani, enzi ambazo mtu mmoja aliweza kununua mji mzima kama wewe unavyonunua fungu la nyanya, Zofia Banik alikuwa ameinama juu ya karai la bati, anafua mashati ya wapangaji wake, mara Assunta, mfumaji wa Kiitalia, akaingia uani mbio, viatu mkononi.

"Wamekubali," alisema Assunta.

Zofia hakuinuka. Aliuliza nani kakubali, na kakubali nini, kwa maana katika mgomo ule watu walikwisha kukubali mambo mengi na kuyakana kabla ya jioni. Assunta akasema Bwana Pruett kakubali yote. Kuanzia Jumatatu kazi itakwisha jua likiwa bado juu ya bomba la moshi, si gizani tena. Zofia akaliachia shati, likazama. Wakashikana mikono yenye povu, wakacheza wakilizunguka karai mpaka kuku wakakimbilia juu ya paa. Zofia hakuwa amecheza tangu harusi yake, akashangaa kuona magoti bado yanaijua njia.

Lakini ngojeni. Habari njema ya tajiri huja na mkia, na ili muuone mkia lazima kwanza mumjue mnyama.

Bwana Pruett alianza na kiwanda kimoja cha nguo kando ya mto. Akanunua kiwanda cha jirani. Jirani akawa karani wake. Akanunua mto uliozungusha mitambo. Akanunua nyumba walizolala wafanyakazi, akanunua duka lililowauzia unga, akanunua reli iliyoleta unga dukani. Mwisho akanunua kengele ya kanisa na kuufunga ulimi wake kwa gunia, kwa sababu hakutaka mji uwe na saa nyingine isipokuwa king'ora chake. Kiwandani saa zilipigwa marufuku. King'ora kikilia, watu waliamka. Kikilia, walikula. Kikilia, walirudi nyumbani. Nacho kilikuwa na tabia ya kuwahi asubuhi na kusahau jioni, kwa hiyo nyumbani kwa Zofia chakula cha usiku kililiwa kwa zamu. Mume anaingia, binti yumo kiwandani. Binti anaingia, mume amekwisha lala na kijiko mkononi. Zofia hakukumbuka ni lini aliwaona wote mezani kwa pamoja.

Basi wafanyakazi wakaunda chama. Haikuwa kazi ndogo, maana Waairishi hawakuwasalimu Waitalia, Waitalia hawakuwasalimu Wapolandi, na Wapolandi hawakusalimiana hata wao kwa wao. Hata hivyo wakala kiapo kimoja: siku ya mgomo, king'ora cha mchana kikilia, kila mtu aache mtambo wake atoke nje.

Sasa, moto wa boila, tangi la mvuke uliopuliza king'ora, ulichochewa na Finbar Roche, Mwairishi aliyepanga chumba cha juu kwa Zofia. Finbar aliupenda mgomo kuliko mtu yeyote mjini. Aliupenda hata akashindwa kuungoja. Asubuhi ya siku yenyewe aliuzima moto, akaachia mvuke wote, akaziba bomba kwa matambara na udongo, akakaa juu ya lundo la makaa kusubiri mapinduzi.

Mchana ukafika. King'ora kimya. Na watu wote wale, walioapa kugoma king'ora kikilia, wakaendelea kufuma. Mitambo ilizunguka kwa maji ya mto, haikujali boila. Wakafuma kwa hofu, kwa jasho, kwa kasi ambayo haijapata kuonekana, kila mmoja akitega sikio. Nyapara, Bwana Lott, alipita katikati yao anatabasamu. Alidhani hatimaye wameipenda kazi.

Nje ya lango alisimama Zofia na karai kichwani, chakula cha mchana cha mumewe na wanawe kimo ndani. Akangoja. Viazi vikapoa. Zofia aliweza kuvumilia mengi, kodi, matope, hata Finbar na filimbi yake ya Jumapili, lakini si viazi kupoa. Akatua chakula chini, akaligeuza karai, akalitwanga kwa upawa.

Mle ndani kelele za mitambo zilikuwa hazimruhusu mtu kusikia hata kikohozi chake. Wafumaji walizungumza kwa midomo na vidole. Lakini mtambo wa Assunta ulikuwa dirishani. Akamwona mwanamke anapiga karai kama kichaa. Akainua mikono, akatoa ishara: tokeni. Akawapa Waitalia wenzake, kisha akawageukia Waairishi, kisha akakimbia kati ya mitambo mpaka kwa Wapolandi, akimvuta shati anayesita. Watu ambao hawajapata kusalimiana wakapokezana ishara ile. Mitambo ikasimama mmoja mmoja, mpaka ukaweza kuusikia mto.

Ndivyo mgomo ulivyoanza, umechelewa na umeshiba wasiwasi.

Yaliyofuata yalimtesa zaidi Bwana Pruett. Bwana Lott alijaribu kuwasha boila mwenyewe. Akatoka mweusi kama chungu, na king'ora kikatoa kwikwi moja kikanyamaza. Basi mpishi wa Bwana Pruett hakujua saa ya mayai. Kinyozi alimnyoa shavu moja akaenda kulala. Garimoshi liliondoka bila marobota ya nguo, marobota yakafika stesheni bila garimoshi. Mji mzima uliokuwa wake haukujua tena ni saa ngapi, na kengele iliyoweza kuuokoa alikuwa ameifunga gunia yeye mwenyewe. Wagomaji, kwa upande wao, walikuwa na karai. Zofia akilipiga, walikuja na vikombe vyao, wakala supu ya kabichi kutoka sufuria moja, Mwairishi karibu na Mwitalia. Bwana Pruett alivumilia mpaka mashavu yake yote mawili yakaota ndevu tofauti. Kisha akakubali.

Na mkia ndio huu. Alisema Jumatatu king'ora cha jioni kitavutwa na mfanyakazi, kwa heshima, na kamba ya kukivutia itabaki kwa mtu huyo. Ila chumba cha kamba kinaingia mtu mmoja. Wamletee jina moja. Bwana Lott atalifuata leo wakati wa chakula cha jioni. Wakitoa majina mawili, au wasitoe hata moja, basi kamba itabaki kwa Bwana Lott, ambaye macho yake, kama kila mtu alivyojua, hayajawahi kuona jua likishuka.

Habari hiyo ilipotoka nje ya ua, Waairishi wakapaza jina la Finbar, Waitalia la Assunta, Wapolandi la Zofia. Hawakuzidiana kwa sauti. Mtu akashauri wapige kura ya vijiti, akaambiwa heshima si kuku wa bahati nasibu. Kufika alasiri Waitalia walikuwa wameacha tena kuwasalimu Waairishi. Wakaona jina waliamue mezani kwa Zofia, na mwenye upawa alitaje.

Zofia akawapa Finbar na Assunta visu, wamenye viazi huku wakidai.

Finbar alikuwa wa kwanza. "Mimi ndiye niliyekinyamazisha. Msingekuwa na ukimya wangu, Pruett angekuwa bado anakula mayai kwa wakati. Nani mwingine aliweka shingo yake rehani asubuhi ile, watu wote wakiwa bado wanatafuta soksi?"

Assunta akamwambia shingo yake ilikaribia kuwatia wote kaburini. Kwamba kama si yeye Assunta, mpaka leo wangekuwa wanafuma wakikingoja king'ora alichokiziba kwa matambara. Akasema karai lilipigwa nje, na Finbar alikaa chini juu ya makaa, lakini watu walikuwa ndani.

"Mimi ndiye niliyewatoa," alisema. "Mmoja mmoja, kwa mikono hii. Na Pruett aliponiita anipe unyapara na nyumba ya matofali, nilimwambia ampe mkewe."

"Wiki ya tatu ulifika langoni kurudi kazini, dada yangu," alisema Finbar. "Tulikuona."

"Nikageuka."

"Ulinusa supu."

Assunta hakukana. Alimenya kiazi chote bila kuinua uso, kisha akasema aliyenusa supu akageuka amefanya kazi zaidi ya yule ambaye hajawahi kulifikia lango.

Wakamwangalia Zofia. Zofia akasema yeye alipiga karai, na bila karai hakuna aliyetoka, na bila sufuria wangerudi wote, si Assunta peke yake.

"Mama, kweli kabisa," alisema Finbar kwa upole. "Lakini siku ile hukupiga kwa ajili ya mgomo. Ulikuwa unatuita kula."

"Na mkaja," alisema Zofia.

Ndipo wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Assunta akajikata kidole kidogo na Finbar akaangusha kiazi ndani ya ndoo ya makaa. Zofia alicheka nao, lakini alijua kilichomo sufuriani mwake. Akitaja jina la Finbar, Waitalia watakwenda zao. Akimtaja Assunta, Waairishi watasusa. Akijitaja, atakuwa amejipakulia nyama mwenyewe mbele ya wageni. Asipotaja, Jumatatu giza litarudi, na meza yake italiwa kwa zamu mpaka azeeke.

Jua lilikuwa juu ya bomba la moshi Bwana Lott alipobisha. Alivua kofia, akasema amefuata jina. Zofia akamwonyesha mahali pa kukaa. Mtu hasimami mlangoni kwake wakati wa kula, hata awe nyapara. Akapakua. Mumewe, mikono bado ya bluu kwa rangi ya nguo za kiwandani, yupo. Binti mkubwa yupo, wa kati yupo, mdogo yupo, anakanyaga miguu ya dada zake. Finbar yupo. Assunta yupo, kidole kimefungwa kitambaa. Bwana Lott naye yupo, tayari ameomba bakuli la pili. Zofia akahesabu tena kwa upawa, maana hakuamini. Wote walikuwepo, na nje kulikuwa bado na mwanga.

"Haya, mama," alisema Bwana Lott, akijifuta sharubu. "Jina."

Vijiko vyote vikasimama. Nje ya dirisha Waairishi, Waitalia na Wapolandi wakabanana bila kusalimiana. Zofia akaufunika mdomo wa sufuria, akavuta pumzi.

Semeni ninyi, kabla supu haijapoa, maana mnajua anavyochukia. Yuko aliyekusudia akakosea. Yuko asiyekusudia akapatia. Yuko aliyewatoa wote, na mwenyewe akakaribia kurudi. Je, kamba ya king'ora alistahili nani?