Jina Moja Juu ya Mlango wa Makumbusho

Sogeeni mnisikie, na aliyezoea kusinzia kwenye hadithi akae hapa mbele nimwone. Yangu haitaki mtu wa kuitikia tu, inataka mtu wa kuamua, na kuamua kuna lawama zake. Kama huna kifua cha kulaumiwa, ondoka sasa hivi, hatutakusema.

Katika mji wa Kitemba, mji wa bara uliokua kando ya reli, walikuwapo watu watatu. Wa kwanza ni Mboni, mchora ramani za majengo katika ofisi ya manispaa, mwenye kipaji cha kuiona nyumba nzima wakati karatasi bado ni tupu. Wa pili ni Fundi Kondo, mwashi. Huyo akipapasa ukuta kwa kiganja, anakwambia umejengwa na nani, na kama siku hiyo mjenzi alikuwa amenuna. Wa tatu ni Bi Sikuzani, mjane wa kuli wa stesheni, ambaye jina la mtu likishaingia sikioni mwake halitoki tena.

Alikuwapo na wa nne, Mkurugenzi Kasembe, mkuu wa ujenzi wa manispaa. Naye alikuwa na kipaji chake, kutia saini.

Kabla sijaenda mbali, mjue desturi ya Kitemba. Kila nyumba pale ina ubao juu ya mlango, na ubao huo huchongwa jina la mtu mmoja, yule ambaye bila yeye nyumba isingesimama. Mwenye jina ndiye mwenye ufunguo, na kitu hakitoki wala hakiingii ila kwa kauli yake. Majina mawili hayachongwi. Zamani ndugu wawili walichonga yote mawili, wakashitakiana miaka kumi na mmoja mpaka paa likaanguka wakiwa mahakamani. Tangu siku hiyo hakuna mchongaji wa Kitemba atakayekuchongea mawili, hata umlilie. Na ikifika siku ya kufungua nyumba pasipo makubaliano ya walioitolea jasho, linachongwa jina la aliyetia saini karatasi ya ujenzi.

Sasa basi. Manispaa iliamua kujenga makumbusho ya historia ya mji, na kiwanja walichokichagua ni pale palipokuwa Mtaa wa Makuli. Mtaa huo ulikuwa wa watu waliopakua mizigo ya treni kwa migongo yao tangu mji haujawa mji. Ulibomolewa miaka thelathini na mmoja nyuma, kwa siku tatu tu, na watu wakatawanywa. Mamake Mboni alitoka pale na mimba ya Mboni tumboni na godoro kichwani.

Kasembe alimwita Mboni akampa maagizo. Kuwe na ukumbi wa stesheni, ukumbi wa wafanyabiashara wakubwa, na ukumbi wa picha za viongozi.

"Na Mtaa wa Makuli, Mheshimiwa?" Mboni akauliza.

"Historia ya mji huu inaanza na reli."

"Na mizigo ya reli ilikuwa inajishusha yenyewe?"

Kasembe akacheka, akamwambia akachore.

Mboni akaenda akachora. Katikati ya jengo akaweka chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, cha fito na udongo, mlango wake mfupi, kama vyumba vya Makuli vilivyokuwa. Kumbi zote tatu akazifungulia humo. Hutaki kupita chumba cha kuli, basi hufiki kwenye picha ya kiongozi yeyote. Wala hakukificha. Kilikuwa kwenye ukurasa wa pili, kimeandikwa kwa herufi kubwa. Lakini ofisi nzima ilijua kwamba Kasembe hutazama ukurasa wa kwanza tu, ule wenye sura ya mbele ya jengo. Akaona nguzo, akazipenda, akasaini.

Aligundua ujenzi ukiwa umefika kwenye kuta. Alikwenda kukagua na wageni wake, akafika kwenye ule mlango mfupi, ikabidi ainame. Alirudi ofisini amevimba. Akamtupia Mboni ramani mezani, akamwambia achore upya kabla ya saa tisa, chumba kile kiwe stoo ya mafagio au kisiwepo kabisa.

"Sichori," Mboni akasema.

"Unajua unachokisema?"

"Najua, Mheshimiwa. Umeshasaini, na mimi nimeshachora. Sichori tena."

Saa tisa alikuwa nje ya geti, kazi hana, na ramani zake zimebaki ndani zikiwa na jina la Kasembe. Alifika kwao akamweleza mama yake, kisha akalia, kwa sababu aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Lakini ramani haikubadilishwa. Pale ofisini hakuna mwingine aliyekubali kuigusa.

Kasembe akaona ya nini kuchora, wakati kubomoa ni kazi ya dakika. Akaenda kiwanjani akamwambia Fundi Kondo apige chini kuta za kile chumba.

Fundi Kondo akaweka chini mwiko wake, akajifuta mikono taratibu. "Haiwezekani, Mkurugenzi. Ukuta huu haujanyeshewa."

Waashi wa Kitemba wana mwiko wao, na huu msiuchezee. Mwashi havunji ukuta uliokandikwa, wake au wa mwenzake, mpaka mvua iupige kwanza, mtu aone kama kazi ilikuwa nzuri au mbovu. Anayevunja kabla ya hapo haitwi fundi tena, na hapati wa kumfundisha. Kasembe akatafuta waashi wengine mjini, wote wakamjibu hivyo hivyo. Akatazama juu. Masika yalikuwa yanabisha hodi, mawingu mazito upande wa mashariki. Akasema vizuri, mimi ni mtu wa subira, nitarudi siku ya mvua.

Alipoondoka, Kondo alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake, akapanda ngazi, akaanza kuling'oa paa lake mwenyewe.

"Baba Zuhura, umerogwa?" mkewe akamuuliza kutoka chini.

"Sijarogwa. Pokea bati hili."

Mabati kumi na sita yakapakiwa kwenye mkokoteni. Kabla ya magharibi yalikuwa juu ya kile chumba, yamegongomewa, mengine yana kutu na moja lina kibandiko cha lami. Kesho yake mvua ikashuka, mvua ya kweli. Nyumba ya Kondo ikajaa maji, vitanda vikalowa, mkewe na watoto wakahamia kwa shemeji, na shemeji mwenyewe si mtu wa maneno matamu. Mvua ilipokatika, Kasembe akaja na buti zake, anatabasamu.

"Haya fundi, imenyesha."

"Imenyesha kwako na kwangu," Kondo akasema. "Huu ukuta bado mkavu. Papasa mwenyewe."

Kasembe akapapasa. Ulikuwa mkavu, na chini ya paa lile ungebaki mkavu, na mabati ni mali ya Kondo, hayashushwi ila kwa kauli yake.

Basi akabadili njia, maana mtu wa karatasi hukimbilia karatasi. Akalipeleka shauri mbele ya baraza la madiwani, nalo likasikilizwa jengo likiwa karibu kwisha. Akasema makumbusho ni mahali pa ushahidi. Akasema huo Mtaa wa Makuli hauna hati hata moja, si ramani, si orodha ya wakazi, na manispaa haiwezi kuonyesha wananchi kitu kisichothibitika. Na kweli hati hazikuwapo. Siku ile ya kubomoa zilikusanywa zote, na hakuna aliyeziona tena.

Bi Sikuzani alikuwa amekaa kwenye viti vya wananchi. Akainuka, magoti yanamuuma, akafungua kanga, akatoa daftari la chama cha kuzikana cha Mtaa wa Makuli. Humo mliandikwa vyumba mia mbili na kumi na vinne, nani aliishi chumba gani, nani alikufa, nani aliosha, nani alichimba kaburi. Siku ya kubomolewa alikuwa na dakika chache za kuchagua cha kubeba. Cherehani yake iliyomlisha ilikuwa pale, na sanduku la nguo za marehemu mumewe. Aliviacha vyote vikafukiwa, akalifunga daftari mgongoni kama mtoto, akapita nalo mbele ya wale waliokuwa wanakusanya karatasi. Miaka thelathini na mmoja alishona kwa mkono.

"Hukuruhusiwa kuzungumza, bibi," Kasembe akasema.

"Sizungumzi, mwanangu. Nasoma."

Akaanza. Chumba cha kwanza, marehemu Mrisho. Katika chama kile, jina la marehemu likisomwa, jamaa zake huitika "tupo". Kutoka nyuma ya ukumbi mtu mmoja akaitika, tupo. Chumba cha pili, tupo. Cha tano, cha tisa, tupo, wauza mboga, makarani, askari aliyekuwa amesimama mlangoni. Alipofika chumba cha arobaini na mbili, diwani mmoja akasimama kwenye kiti chake, macho mekundu, akasema tupo. Kura zikapigwa. Chumba kikapita kwa tofauti ya kura mbili.

Hapo Mboni alifurahi mpaka akamkumbatia Fundi Kondo mbele za watu. Furaha ile haikumaliza wiki.

Makumbusho yalikuwa yafunguliwe Ijumaa. Alhamisi mchana mchongaji amekaa kizingitini, ubao mapajani, patasi mkononi, anasubiri jina. Akichelewa kuanza, ubao hautakuwa tayari. Wasipokubaliana, atachonga la aliyesaini, Kasembe. Na Kasembe ameshatangaza wazi kwamba akishika ufunguo, mafagio yanaingia Jumamosi.

Watatu wakakaa ndani ya kile chumba, magoti yanagusana.

Mboni alikuwa amejiapiza kunyamaza, ionekane ana adabu. Ikamshinda. "Mimi nalitaka jina hilo," akasema. "Ramani zangu zina jina la mtu mwingine. Kazi nimeikosa. Bila mimi hapa pangekuwa na korido. Shikamoo zenu nawapa, lakini hili nalitaka." Aliona haya kujisikia akisema hivyo, ila hakuyarudisha maneno.

"Afadhali umesema, mwanangu," Kondo akamwambia. "Na mimi sitajitia unyenyekevu. Ramani yako ingekuwa karatasi ya kufungia maandazi. Bila paa langu hapa ni kifusi. Mke wangu yuko kwa watu mpaka leo."

Bi Sikuzani akawatazama wote wawili. "Msinipe kwa sababu ya mvi," akasema. "Nipeni kwa sababu mlichora na mkajenga chumba kitupu. Majina yalikuwa kwangu, na bila hayo leo mngekuwa mnapanga mafagio humu. Kazi utapata nyingine, Mboni. Mabati yapo madukani, Kondo. Mimi siku ile sirudishiwi."

Kila mmoja akawa amesema kweli. Nje, mchongaji akagonga ubao kwa patasi. "Jamani, jua linakwenda. Nianze na herufi gani?"

Nami naishia hapa. Msiniambie wagawane, desturi mmeisikia. Wala msiniambie wote wanastahili, hilo walilijua kabla yenu, na halijamsaidia mchongaji. Kunyamaza nako ni jibu, maana kila mnavyozidi kunitazama hivyo, jina la Kasembe ndilo linalokaribia ubaoni. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele. Je, ungemwambia achonge la nani?