Mchungaji Aliyejibu Asichosikia

Nimetumiwa hii na mtu, nikaisoma nikiwa nimesimama jikoni hadi chai ikapoa. Nami nakutumia wewe. Isome yote kabla hujampa mwingine.

Huko milimani Rungwe, kwenye usharika uliozungukwa na mashamba ya chai, alikuwapo mchungaji mmoja aitwaye Asajile. Watu walimjua kwa mambo mawili: familia yake na kinanda chake.

Nyumbani kwake jioni haikupita bila kuimba. Baada ya chakula, mkewe Tumpe alifuta meza, watoto wao Subilaga na Gwakisa wakasogeza viti, naye akakaa kwenye kinanda cha kukanyaga. Mama aliimba sauti ya kwanza, Subilaga ya pili, Gwakisa ya tatu, baba ya nne. Wapita njia walisimama kusikiliza. Wengine walikiri kwamba kilichowaleta kanisani ni nyimbo za nyumba ile, si mahubiri. Asajile alicheka akasema hata yeye angefanya hivyo.

Miaka ikaenda. Subilaga akaolewa Dodoma. Gwakisa akapata kazi Mwanza. Kisha Tumpe akaugua, na kabla ya mvua za masika akafariki. Matanga yalipoisha watu walirudi makwao, na Asajile akabaki na nyumba kubwa na sauti moja.

Sauti ya nne ikiwa peke yake haina wimbo, ni mngurumo tu. Aliimba hivyohivyo kila jioni, akiacha nafasi mahali ambapo wengine wangeingia.

Siku moja alikuwa anakunywa chai, akatazama dirishani, akaona mvua kubwa inanyesha. Kwa mabati ya nyumba ile, mvua ikinyesha hivyo watu hulazimika kupiga kelele ndipo wasikilizane. Yeye hakuwa amesikia kitu. Aliweka kikombe chini, akatoka uani, akasimama kwenye mvua mpaka koti likalowa. Aliisikia kwa mbali sana, kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya jirani.

Hakumwambia mtu.

Alijua wakubwa wa kanisa wangemwambia apumzike. Kinanda kingepewa mwingine, kwaya ingepewa mwingine. Mke hana, watoto wako mbali. Wakimchukulia na muziki, atabaki na nini?

Basi akajifunza kujificha. Nyimbo alizijua zote kwa moyo, kwa hiyo aliongoza kwaya kwa kutazama midomo. Mlangoni, watu walipotoka ibadani wakimpa mkono, alimjibu kila mmoja kwa tabasamu: "Bwana asifiwe! Endelea hivyohivyo." Alipoalikwa chakula alitoa udhuru, maana mezani watu huongea wote kwa pamoja.

Simu ndiyo ilikuwa taabu, kwa sababu simu haina mdomo wa kutazama. Watoto walipopiga alisikia kitu kama nyuki ndani ya chupa. Alingoja nyuki anyamaze, akasema maneno mema yanayoweza kumfaa mtu yeyote, akawabariki, akakata.

Baada ya muda simu zikapungua. Gwakisa akawa anapiga sikukuu kwa sikukuu. Subilaga akanyamaza kabisa. Asajile aliumia, akajiambia kwamba ndivyo watoto walivyo wakishakuwa na nyumba zao. Na watu wa usharika nao wakaanza kunong'ona kwamba tangu mama mchungaji afariki, moyo wa mchungaji umekuwa mgumu. Minong'ono hiyo nayo hakuisikia.

Ikafika Jumapili moja. Ibada ilikwisha, watu wakapanga mstari kumpa mkono kama kawaida. Akaja mama mmoja mjane, Mama Lusekelo. Mwanawe wa pekee, Lusekelo, alikuwa dereva wa malori huko njiani kuelekea Tunduma. Mama huyo aliinamisha uso, akasema kwa sauti ya chini:

"Mchungaji, Lusekelo amefariki. Nimepigiwa simu asubuhi."

Mchungaji alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akatabasamu. "Bwana asifiwe, mama! Endelea hivyohivyo."

Waliokuwa nyuma ya mama walisikia. Mama aliuchomoa mkono wake taratibu, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka bila kugeuka.

Mchana ule mzee wa kanisa, Mwaipopo, alikuja nyumbani kwa mchungaji. Hakukaa. Alisimama mbele yake, uso kwa uso, akapaza sauti kwa hasira, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi Asajile akaelewa kila neno.

"Mchungaji, yule mama amekukosea nini?"

"Mama yupi?"

"Mama Lusekelo! Anakwambia mwanawe amekufa, unamwambia Bwana asifiwe? Unamwambia aendelee hivyohivyo?"

Asajile alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

Mzee Mwaipopo alimpenda mchungaji wake, na alipoona uso ule ukibadilika, hasira ilimpungua. "Nisikilize," akasema. "Bado hatujachelewa. Niruhusu niwaambie watu kwamba ulikuwa umechoka, mawazo yako yalikuwa mbali. Mtu aliyefiwa na mke husamehewa. Yataisha."

Huo ulikuwa mlango wa kutokea, uko wazi kabisa. Asajile aliutazama. Kichwa chake kilishaanza kuinama kukubali. Kisha akamkumbuka yule mama alivyouchomoa mkono wake, kidole kimoja kimoja, kama mtu asiyetaka kuvunja kitu.

"Mzee Mwaipopo," akasema, "sisikii."

"Hata sisi tumeona kwamba husikii! Ndiyo maana nimekuja!"

"Hapana. Masikio. Masikio yangu yamekufa, mzee. Mwaka wa pili huu."

 Mwaipopo aligeuka akatazama kinanda pale ukutani, akamtazama tena mchungaji. "Na kwaya?"

"Natazama midomo."

Walipanda kilima pamoja hadi kwenye msiba. Uani wanawake walikuwa wamekaa mikekani, na walipomwona mchungaji walinyamaza. Hata asiyesikia hujua watu wakinyamaza. Alivua kofia, akapiga magoti mbele ya Mama Lusekelo, mbele ya watu wote.

"Mama, asubuhi sikusikia ulichoniambia. Mimi ni kiziwi, nami nimewaficha. Yaliyoniangusha ni masikio, si moyo. Nakuomba uniambie tena, nikutazame mdomoni."

Mama alitikisa kichwa. Kusema jambo lile mara moja kulikuwa kumemmaliza. Mchungaji hakuondoka, wala hakumharakisha. Mwishowe mama aliinua uso, akasema polepole, neno baada ya neno:

"Lusekelo. Wangu. Amefariki."

Safari hii lilimfika. Asajile alilia palepale, kilio cha mtu mzima kisicho na mpangilio, naye hakujua ni kikubwa kiasi gani. Mama alimvuta mkono, akamwonyesha mkeka. "Kaa hapa, Mchungaji," akasema, naye mchungaji akakaa pale mpaka mazishi yalipokwisha.

Siku iliyofuata mazishi, Mwaipopo alimrudisha nyumbani. Wakiwa barazani akamgusa bega ili amtazame. "Watoto wako wanajua?"

"Hawajui."

"Nipe simu."

Mzee alimpigia Subilaga kwanza. Alieleza yote, Asajile akimtazama: masikio, kwaya, msiba. Kisha mzee akanyamaza akisikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu. Mkono wake mwingine ukapanda ukafunika macho.

"Anasema nini?" Asajile akauliza. "Amekasirika? Mwambie sikutaka kuwapa mzigo."

Mwaipopo aliishusha simu kifuani. Alitafuta namna ya kusema, akaikosa, akasema tu kama alivyoambiwa.

"Anasema wakati wa mavuno ya mwaka jana alikupigia. Alikuwa barabarani, amembeba mtoto. Alikwambia kwamba mumewe amewafukuza, akakuomba arudi nyumbani. Nawe ukamjibu: 'Tumshukuru Mungu kwa yote, binti yangu. Tulia hapo hapo ulipo, umsalimie mumeo.'"

Asajile aliitazama ile simu kifuani mwa mzee.

"Akadhani umeona aibu, binti wa mchungaji kuachika. Akadhani umemfungia mlango. Tangu siku ile anaishi chumba cha kupanga na mtoto wake. Hajamwambia hata Gwakisa. Hakutaka kukuaibisha."

Mwaka mzima Asajile alikuwa amekaa katika nyumba ile akiusikitikia upweke wake, akiwaachia wenzake nafasi katika nyimbo ambazo hawakuwapo kuziimba. Na mwaka huohuo, Dodoma, mtoto wake alikuwa amekaa na upweke ambao yeye mwenyewe ndiye aliyempa kwa mdomo wake, kwa maneno mema.

"Mwambie aje," akasema. Hakujua kama amesema kwa sauti au kwa kunong'ona. "Mzee, mwambie aje. Mwambie baba yake hakusikia."

Subilaga alikuja na basi la kwanza alilopata. Alimkuta baba yake amesimama kando ya barabara kuu, amevaa koti lake la Jumapili siku ya kazi. Subilaga alikuwa amekonda, mtoto amelala mgongoni. Alipiga goti akasema shikamoo. Asajile aliisoma midomoni mwake na akaitikia marahaba.

Nyumbani walikaa jikoni. Subilaga aliinjika maharage, akataka kuzungumzia mambo mengine, safari, baridi ya huku, nani anafundisha kwaya sasa. Baba yake alivuta kigoda, akakaa mbele yake karibu sana, magoti yakigusana.

"Kwaya nimemkabidhi Atupele," akasema. "Achana na kwaya. Niambie ulichoniambia siku ile."

"Baba, yamepita."

"Kwangu hayajapita. Hayajanifikia bado. Anza mwanzo, binti yangu, na usiruke."

Subilaga aliangalia chini. Baba yake aliuinua uso wake kwa vidole viwili, kwa upole, ili amwone mdomo. Naye akaanza kusema. Sauti yenyewe Asajile hakuisikia, na hakuisikia tena mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini alimtazama binti yake bila kupepesa, akaelewa neno moja hadi jingine, na pale alipokosa akasema, "Rudia," naye akarudia. Maharage yakaungua. Hakuna aliyeinuka kuyatoa.

Funzo: Usione haya kusema "sijasikia" au "siwezi". Ukificha udhaifu wako kwa wanaokupenda, si wewe tu unayebaki mpweke. Unawaacha nao wapweke siku ile wanapokuhitaji.