Tunda la Shoka

"Tunda la shoka huliwa msimu mmoja." Ndivyo alivyosema Bibi Skola leo kwenye ubatizo, na nyote mmemwona mjomba wenu alivyonywea na chupa yake mkononi. Mke wa Benedikto ana miezi mitatu tu tangu apasuliwe akijifungua, bado anakaa upande, na mjomba huyo anamwambia mbele ya watu alete wa pili kabla ya Krismasi ijayo. Nanyi mkacheka. Sasa mnaniuliza shoka linazaaje. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Katika bonde la Lihangwe, enzi za mababu wa babu zenu, palikuwa na msuku mmoja mkubwa kwenye mteremko juu ya kijito. Msuku ni mti wa porini, hakuna aliyeupanda. Matunda yake, masuku, huiva mwezi wa Novemba, wakati ghala zimebaki na vumbi na mahindi mapya ndiyo kwanza yanatiwa ardhini. Masuku hayachumwi. Huachwa yaanguke yenyewe, na wanawake wakaokota kwa vikapu, nyumba ikavuka njaa.

Watu wa Lihangwe walikuwa na desturi. Mti ukikosa kuzaa, walikwenda kuutisha. Mwanamume alisimama mbele yake akaugonga mara tatu kwa mgongo wa shoka, akasema, "Huzai, nakukata." Nyuma ya shina alisimama mwanamke aliyekwisha kuzaa, akaujibia mti, "Niache, nitazaa mwakani." Kisha wote wakarudi nyumbani kunywa togwa. Ulikuwa mchezo tu, ila wenzetu walipenda sana kucheza na shoka.

Sasa, katika bonde hilo alikaa Filotea, mke wa Gaudensi, pamoja na mama mkwe wake, Bi Eufrasia. Filotea alikuwa amejifungua pacha mwaka ambao msuku ule ulizaa mpaka matawi mawili yakavunjika kwa uzito. Pacha walinyonya, walinenepa, wakasifiwa. Mama yao alibaki mifupa. Nywele zilimtoka kwa mafungu, na akichota maji alipumzika mara mbili njiani. Mwaka uliofuata, mti ule haukutoa hata suku moja. Na Bi Eufrasia akaanza kuulizia mjukuu wa tatu.

Mwanzoni aliuliza kwa utani. Baadaye aliuliza mbele ya majirani. Mwishowe alisema kwamba mwanamke anayepumzika ni mwanamke aliyechoshwa na nyumba, na aliyechoshwa na nyumba arudi kwao. Pacha watabaki, maana ni wa ukoo. Gaudensi, baba wa hao pacha, alisikia yote hayo akatazama kucha zake. Mwanamume mzima, mabega kama mlango.

Siku ya kuutisha mti ilipofika, Bi Eufrasia akamchagua Filotea asimame nyuma ya shina. Alikusudia wote wawili, mti na mkwe, wapate somo kwa safari moja.

Gaudensi akagonga mara tatu. Akasema, "Huzai, nakukata."

Filotea alikuwa ameegemeza kiganja kwenye gome, akiangalia juu. Majani yalikuwa machache na madogo, na makovu ya matawi yaliyovunjika yalikuwa bado mabichi. Pembeni ilisimama misuku dume mitatu, ile isiyozaa kamwe, imenona, majani yake mazito yanang'aa.

"Ujibie mti," Bi Eufrasia akamwambia.

"Najibu," Filotea akasema. "Huu mti ulizaa mwaka jana mpaka ukavunjika mikono, na nyote mlikula. Sasa unajitafutia majani. Ile mitatu pale haijazaa hata suku moja tangu iumbwe, imenenepa, na sijamwona mtu akiishikia shoka. Nendeni mkaitishe hiyo."

Watu walisikia kitu kama kicheko kikitoka kwa wanawake wa nyuma, kikafa hapohapo. Gaudensi aliona ameaibishwa. Na mwanamume aliyeaibishwa akiwa na shoka mkononi hana akili hata ya kuazima. Aligeuza makali akalichuna gome la ule msuku kuuzunguka, akaacha ukanda mmoja tu wenye upana wa kiganja. Hakuna aliyemzuia, hata mzee mmoja. Bi Eufrasia alisema kwamba sasa mti utasikia.

Nami nawaambia ukweli, mti ulisikia. Mvua zilipokuja ulichanua kila kijiti. Novemba iliyofuata masuku yalijaa kama haijapata kuonekana, madogo madogo, yamebanana mpaka kwenye matawi membamba. Walikula, wakapika togwa, wakagawia mpaka bonde la pili. Bi Eufrasia alipita nyumba kwa nyumba na kikapu akisema kwamba hata mti una masikio, ila watu wengine hawana. Wale wanawake waliotaka kucheka mwaka uliopita wakampokea masuku yake na kumshukuru. Njaa ni njaa, lakini mimi hilo sijawasamehe.

Filotea hakuyala. Alikuwa anarejewa na nguvu kidogo kidogo, amehamia kulala chumba cha pacha, na mimba hakuwa nayo. Basi familia ikakata neno: masuku yakiisha, Filotea arudishwe kwao.

Masuku yaliisha katikati ya Desemba. Asubuhi ya safari Gaudensi alibeba mzigo wa nguo za mkewe. Bi Eufrasia alimbeba pacha mmoja mgongoni na kumshika mwingine mkono, ili amsindikize mama yao mpaka kijitoni, kisha ageuke nao. Filotea alitangulia. Hakulia. Alikuwa amelia yote usiku.

Njia ilipita chini ya ule msuku. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki mbili, pori zima lilikuwa kijani, na msuku ule ulikuwa mtupu. Majani yalikuwa yametapakaa chini, ya kahawia. Bi Eufrasia alisimama. Alikwangua shina kwa ukucha akitafuta ubichi, akakwangua upande wa pili, kisha akavunja kijiti. Kikalia ka! kama kuni.

"Si ulizaa juzi tu," akasema. "Si ulizaa sana."

"Ulizaa, mama," Filotea akajibu, bila kugeuka. "Ulizaa kwa woga, ukatoa na kile ulichokuwa umejiwekea. Tunda la shoka huliwa msimu mmoja. Mmeshalila."

Bi Eufrasia alikaa chini juu ya yale majani, na mtoto mgongoni. Alikuwa amezaa tisa na kuzika wanne, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama amechoka. Kisha alimwambia mwanawe, kwa sauti ya chini, "Mrudishie mwenzio mzigo wake nyumbani. Na asiulizwe tena kitu."

Gaudensi akageuka na mzigo. Ningependa kuwaambia kwamba aliona aibu, lakini sikuambiwa hivyo, na siwezi kumsingizia wema. Filotea alizaa tena baada ya miaka minne, alipotaka mwenyewe, mtoto wa kike. Mtoto huyo ndiye aliyemzaa bibi yake huyu Bibi Skola.

Novemba ya kwanza baada ya msuku ule kufa, Lihangwe walilala njaa. Ile misuku dume mitatu ilikuwepo palepale, imenona, haina cha kumpa mtu. Kuanzia hapo hakuna aliyeutisha mti katika bonde lile.

Kwa hiyo msicheke mkisikia mtu anamhimiza mama wa miezi mitatu. Benedikto, wewe uliyenyamaza wakati mkeo anasemwa, nakuona hapo nyuma, usiangalie kucha zako. Nenda kwa mjomba wako sasa hivi, mwambie yale aliyoshindwa kusema Gaudensi. Akikuuliza umefundishwa na nani, mwambie: tunda la shoka huliwa msimu mmoja.