Sifa ya Lango Haiwashi Taa

Sifa ya lango haiwashi taa. Mmemsikia mkuu wa shule akiisema leo asubuhi, na sasa mnataka kujua aliitoa wapi. Haikutoka mbali, wanangu. Ilizaliwa hapa hapa Ihanga, kwenye mashine ya kusaga ya mzee Otmari Mgaya, na kisa chenyewe kilikwenda hivi.

Mchana wa Ijumaa moja yenye ukungu na manyunyu, mwanamke asiyejulikana na mtu aliingiza pikipiki yake mpaka ndani ya banda la mashine. Akavua kofia, akamwamkia mzee, akaomba kujihifadhi kidogo. Alisema anaitwa Vaileti, mhandisi wa umeme, na alikuwa akienda kukagua laini kijiji cha mbele.

Skolastika, binti wa mzee, alikuwa amekaa juu ya gunia na simu mkononi. Vyuo vikuu viwili vilikuwa vimempokea asomee uhandisi huo huo wa umeme. Kabla ya saa kumi na mbili jioni alitakiwa kuthibitisha kimoja, na hapo hakuna kurudi nyuma. Kimoja kilikuwa kile cha mjini, ambacho picha ya lango lake la mawe ilining'inia sebuleni kwao kwenye kalenda. Cha pili kilikuwa Kitanewa, chuo kichanga ambacho hata mwenyekiti wa kijiji hakujua kiko upande gani.

Skolastika alikuwa akiyumba. Baba yake hakuyumba hata kidogo; Jumapili iliyopita alikuwa amekwisha kutangaza kanisani kwamba bintiye anakwenda kwenye lango la mawe. Nanyi mnajua, Ihanga jambo likitangazwa kanisani, limekwisha.

Mzee aliwasha mashine amalizie debe la mteja. Mota ikanguruma, haikuzunguka.

"Zima, baba, utaiunguza," Vaileti alisema. Akafungua boksi la swichi, akapima. "Njia moja ya umeme kati ya tatu imekufa. Fyuzi imekatika."

Skolastika alisogea mpaka karibu kumgonga kichwa. Fyuzi ilipobadilishwa na jiwe likaanza kusaga, mzee akajaa furaha.

"Na huyu wangu anakwenda kujifunza hayo hayo. Chuo kile chenye lango."

"Nimesoma hapo," Vaileti alisema.

"Unaona, Skola?"

"Hesabu walinifundisha vizuri, baba, siwasengenyi. Lakini kifaa cha kupimia nilikishika mwaka wa tatu, tukiwa arobaini meza moja. Hii ya fyuzi nilifundishwa kazini, na fundi asiye na cheti." Akamgeukia Skolastika. "Usiulize chuo kipi kinajulikana. Wapigie wote wawili, uulize mwaka wa kwanza unaingia karakana lini."

Skolastika akapiga. Kwenye chuo cha mjini alipokea karani mpole: "Dada, chuo chetu kinajulikana nchi nzima. Mengine utayaona ukifika."

Kitanewa alipokea mzee mmoja, nyuma yake msumeno ukilia.

"Karakana? Wiki ya pili. Wewe ni msichana? Njoo na ovaroli, nywele uzifunge. Sitaki kesi na mama yako."

Skolastika alicheka. Akamtazama baba yake.

Mzee alikung'uta unga mikononi. "Mimi nitawaambia nini watu? Kwaya imenipigia vigelegele."

"Usiwaambie kitu, baba. Nitasimama mwenyewe Jumapili."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Vaileti aliwaaga. Saa kumi na moja na nusu Skolastika alithibitisha Kitanewa.

Angeweza kunyamaza; nani angejua kabla hajaondoka? Lakini Jumapili alisimama mbele ya watu wote, akasema amechagua chuo kingine. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Shangazi yake Melania, aliyekuwa amejitolea kumpa chumba huko mjini, akanyanyuka na kitenge chake akatoka nje bila kumtazama. Skolastika akabaki amesimama.

Bibi mmoja wa kwaya akauliza, "Hicho cha kwako kina lango, mjukuu wangu?"

"Nasikia ni la waya, na linafungwa kwa kopo, bibi."

Kanisa zima likaangua kicheko. Skolastika aliinamisha uso. Ndipo mzee Otmari akainuka kwenye benchi la wanaume.

"Niliyewadanganya ni mimi," alisema. "Nilitangaza lango kabla binti hajachagua chuo. Mwacheni. Sifa ya lango haiwashi taa."

Akaenda mbele, akasimama kando ya mwanawe mpaka kicheko kikaisha.