Binti wa Fundi na Kanzu ya Bwana Harusi

Wasimulizi waliotutangulia, Mungu awarehemu kwa waliyoyasema kweli na awasamehe kwa waliyoyatia chumvi, wametuachia habari za Sultani Jaufari bin Ghalibu, aliyetawala mji wa Shamsirani, mji wenye milango saba na visima vya maji matamu na soko la nguo lililofunikwa kwa paa la mbao tangu mwanzo wake hata mwisho wake. Na sultani huyo alikuwa mwenye haki na mwenye subira na mwenye tumbo, na kanzu zake zote zilishonwa na mtu mmoja tu, Fundi Barahiani, ambaye akikutazama mara moja ukipita njiani, kanzu atakayokushonea itakukaa sawasawa pasipo kupimwa.

Fundi huyu alijaaliwa mtoto mmoja, binti aitwaye Shinuna, ambaye mama yake alifariki angali mchanga. Na kwa mapenzi yake makubwa baba alimdekeza, akawafunza vijana wa watu arobaini kushona, wote wakawa mafundi, lakini binti yake mwenyewe hakumfunza hata kutia uzi kwenye sindano, akihofu asije akajichoma kidole. Mimi simtukani marehemu, ila nasema wazi kwamba hapo alikosea, na kosa lake lilimwangukia mtoto.

Kwani katika mji ule palikuwa na ada moja kubwa, nayo ni kwamba bwana harusi haozwi ila amevaa kanzu iliyoshonwa kwa mkono wa bibi harusi mwenyewe. Siku ya harusi kanzu hulazwa mapajani mwa bibi harusi mbele ya Sultani na Kadhi, akaja mwanamke wa upande wa mume akaipekua, akakagua mishono, kisha bibi harusi akaapa mbele ya watu kuwa ni mkono wake. Na ikibainika kuwa imeshonwa na mkono mwingine, ndoa huvunjika pale pale, na jina la baba wa bibi harusi hufutwa juu ya mlango wa nyumba yake.

Basi Shinuna aliposwa na Hilali bin Masudi, kijana muuza uturi, nao wakapendana mapenzi ya kweli, na Fundi Barahiani akatoa idhini kwa furaha, kisha mauti yakamfika kabla ya harusi. Mwaka wa huzuni ulipokwisha, Kadhi, aliyekuwa walii wa yatima yule, akaiweka harusi siku thelathini mbele. Mji mzima ukawa hauna mazungumzo mengine. "Binti Barahiani anashona! Tutaona ajabu!" watu waliambiana sokoni, na wengine walianza kugombea nafasi za kukaa. Na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Bi Zamzam, shangazi yake Hilali, mwanamke mwenye jicho kali na binti wa kuozwa, ambaye toka siku ya posa alikuwa amenuna kwa kuwa Hilali hakumposa binti huyo.

Shinuna akajifungia ndani, akakaa mbele ya kisanduku cha baba yake cha kushonea, akalia mpaka akachoka kulia. Kisha akakifungua, akaona mkasi, na mafundo ya uzi, na sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha sufu, na kastabani ya shaba, ile kofia ndogo ya kidole anayoivaa fundi asichomwe na sindano. Akaivaa kidoleni ili tu apate kukumbuka mkono wa baba yake. Mara moshi ukatoka, wakati ni mchana kweupe na muadhini ndiyo kwanza ameshuka mnarani, na moshi ukakusanyika ukawa jini mkubwa mpaka kichwa chake kikainama chini ya dari.

"Labeka, bibi yangu!" akanguruma jini. "Mimi ni Burkani, mtumwa wa kastabani na wa kila aivaaye! Ukitaka kasri nitalijenga, ukitaka mlima nitauhamisha, ukitaka bahari nitaikausha kabla hujameza mate!"

Shinuna moyo ulimpasuka kwa hofu, lakini shida yake ilikuwa kubwa kuliko hofu yake, akasema, "Sitaki kasri wala mlima. Nishonee kanzu ya bwana harusi."

Jini akajikuna sikio. "Bibi yangu mtukufu," akasema kwa sauti ndogo, "omba kingine. Sindano ni chuma, na sisi majini chuma hatukishiki. Tukikigusa tunazimika."

"Basi baba yangu alikutumia kwa kazi gani?"

"Miaka thelathini nilimletea kahawa," akajibu Burkani kwa unyonge, "na kumfukuzia nzi."

Hata hivyo jini yule alikuwa na moyo mwema, akatoweka na kurudi kabla machozi mapya hayajamfika Shinuna shavuni, naye amechukua kanzu ya hariri nyeupe yenye darizi ya dhahabu shingoni, nzuri hata macho yanaumia. Shinuna akaipokea kwa furaha isiyo kifani, akaigeuza, na ndani ya shingo akakuta jina la Sultani wa Hindi limetariziwa kwa herufi kubwa. Furaha ikamtoka. Tena akakumbuka kiapo, kwamba siku ile itambidi aseme mbele ya watu, "Ni mkono wangu," na akajua ulimi wake hautaweza.

"Irudishe," akasema, "kabla mwenyewe hajaitafuta."

Hapo ndipo iliposikika sauti kutoka pembeni, sauti ya marehemu Fundi Barahiani hasa, ikisema, "Kaa chini! Nyoosha mgongo! Tia uzi!" Shinuna akageuka, akamwona Jamadari, kasuku wa baba yake, ambaye kwa miaka thelathini alining'inia ndani ya tundu lake juu ya kichwa cha fundi, na kila neno lililowahi kuambiwa mwanafunzi katika chumba kile alikuwa amelihifadhi.

Na hivyo binti Barahiani akaanza kujifunza kushona, mwalimu wake ndege na msaidizi wake jini. Kutia uzi tu kulimchukua asubuhi nzima, na ulipopita akasahau kuupiga fundo, akashona mstari mrefu, akavuta, uzi wote ukatoka akabaki nao mkononi. "Fumua!" akapiga kelele kasuku. Akakata shingo ya kanzu ya kwanza, likawa tundu la kupitisha kichwa na mabega pamoja. Kanzu ya pili akaiwekea mikono yote miwili upande mmoja. Ya tatu akaishona vizuri, kweli vizuri, ila mkono mmoja aliuziba mwishoni pasiwe na pa kutokea kiganja. "Fumua!" akasema Jamadari, na tena, "Fumua!" na Shinuna akafumua, na vidole vyake vikajaa vidonda, na Burkani akawa haendi kokote ila Shamu na Hindi na Misri kuleta kitambaa kingine.

"Nahitaji mwili wa kupimia," akasema Shinuna siku ya kumi na tano. Jini akajigeuza akawa na kimo cha Hilali na mabega ya Hilali, naye akampima kwa kamba, kifua na urefu na mkono wa kulia. Alipofika mkono wa kushoto kamba ikamtekenya Burkani kwapani, akacheka, na jini akicheka hurefuka. Lakini Shinuna alikuwa ameinama akifunga fundo la alama, asione kitu. Msikilizaji, kumbuka fundo hilo.

Siku ya ishirini alishona mshono mmoja wa ubavuni, polepole, akapiga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, kama alivyoelekezwa, kisha akarudia juu yake kwa mishono midogo. Alipofika mwisho akauinua, wakautazama wote watatu. Kasuku akanyoosha shingo, akafunga jicho moja, akafungua, na hakusema neno. Jini akasubiri. Shinuna akasubiri. Jamadari akageuka akaanza kula mbegu zake, na Shinuna akaangua kilio cha furaha, kwani tangu azaliwe hakuwahi kufanya kitu kikasimama.

Siku ya harusi ikawadia, na kanzu ilikuwa imekwisha ila shibiri tatu za pindo. Wakaja wanawake wakamvika gauni la hariri ya kijani, wakampeleka kasrini pamoja na tundu la kasuku, maana hakukubali kumwacha, wakamketisha mkekani nyuma ya pazia, wakamwacha peke yake asubiri Sultani aingie. Shinuna, kastabani angali ameivaa kidoleni, akatoa sindano aliyoificha kwenye ushungi, akailaza kanzu mapajani, akashona pindo kwa haraka, huku ngoma zinalia nje na moyo wake unalia ndani. Akakata uzi kwa meno. Pazia likafunguliwa.

Akaja Bi Zamzam, akapiga magoti mbele yake, akaipekua kanzu pale pale mapajani, akaitazama shingo iliyokwenda upande, akaitazama mishono iliyopishana, akaunyoosha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, na wa kushoto ulikuwa mrefu kwa shibiri nzima. Akasimama akicheka, na kicheko chake hakikuwa cha kheri.

"Maulana Sultani!" akasema. "Na nyinyi mliohudhuria! Huyu ni binti wa Fundi Barahiani, aliyezaliwa juu ya majora ya nguo, akalala kwa sauti ya mkasi. Inaingia akilini kwamba mkono wa binti huyo umeshona kituko hiki? Wallahi, amempa mjakazi wa jikoni ashone, kwa kutudharau! Aliyekusudia kututukana hana haki ya kuolewa kwetu."

Watu wakanong'ona, na lililo baya ni kuwa waliona maneno yake yana maana. Shinuna, aliyekuwa amejiandaa kuchekwa kwa kutojua kushona, hakuwa amejiandaa kuambiwa kwamba hakushona. Kidoleni mwake sauti ndogo ikasema, "Bibi yangu, niwageuze wote kuwa mawe?"

"Nyamaza, Burkani," akanong'ona.

Hilali akasonga mbele, akasema, "Maulana, nipeni niivae hivyo ilivyo. Mkono ukiwa mrefu nitaukunja. Mimi naoa mtu, sioi kanzu."

"Ada ni ada, mwanangu," akasema Kadhi kwa huzuni, kwani alimpenda yatima yule. "Tuhuma imetolewa, na kiapo pekee hakitoshi tena. Binti, una shahidi aliyekuona ukishona?"

Shinuna akamtazama kasuku. Akaitazama kastabani. "Wapo wawili, sheikh," akasema, "lakini hakuna hata mmoja ambaye mahakama yako itampokea." Na machozi yakamdondoka juu ya kanzu, akaliona moyoni jina la baba yake likifutwa mlangoni, na Hilali akiondoka na jamaa zake.

"Yamekwisha!" akasema Bi Zamzam. "Kitambaa hiki kikatupwe!" Akaishika kanzu kwa mikono miwili akaivuta mapajani mwa bibi harusi.

Akavuta kanzu, na gauni likaja. Akavuta tena kwa nguvu, na Shinuna akaja, akainuka mkekani mzima mzima, nusura waangukiane. Wakasimama wameshikamana, shangazi upande huu na bibi harusi upande ule, kanzu katikati.

Kadhi akasogea, akainama mpaka kilemba chake kikagusa hariri. Akapitisha kidole kwenye pindo la kanzu. Lilikuwa limeshonwa pamoja na gauni la kijani, shibiri tatu kamili, kwa uzi ule ule na mishono ile ile iliyopishana, kwani katika haraka yake Shinuna alikuwa amechoma sindano kupita kanzu na kuchukua gauni lililokuwa chini yake.

Sultani Jaufari akaanza kucheka, tumbo likatikisika, akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Bi Zamzam," akasema, "mjakazi wako wa jikoni yuko wapi? Aliyeishona kanzu hii alikuwa ndani ya gauni hili alipoishona, na ndani ya gauni hili simwoni mwingine ila binti Barahiani! Nawe mwanangu, usione haya. Kanzu ya kwanza aliyonishonea baba yako, nilipokuwa mwana wa mfalme na yeye mwanafunzi, niliivaa nisipate pa kutolea kichwa. Nikamsamehe, nikapata fundi wa maisha."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Shinuna akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu alfajiri, na Hilali akamshika mkono. Hata Bi Zamzam, alipoona bado ameng'ang'ania kanzu, alicheka kidogo akaiachia.

"Fumua!" akapiga kelele Jamadari kutoka tunduni. "Fumua!"

Shinuna akamgeukia kasuku, na kwa mara ya kwanza katika siku thelathini akamjibu, "Huu siufumui."

Akaomba mkasi, akaikata hariri ya gauni lake kuuzunguka mshono, na Hilali akavaa kanzu yenye shingo ya upande, na mkono mmoja wa kukunja, na pindoni ukanda wa hariri ya kijani, akaozwa ndani yake, na hapakuonekana katika Shamsirani bwana harusi aliyetembea kwa maringo zaidi.

Sultani akampa Shinuna duka la baba yake na kazi zote za kasri, ambazo baada ya mwaka mmoja ziliweza kuvaliwa, na baada ya miaka mitatu zilisifiwa. Shinuna naye akamwuliza Burkani anataka nini kwa utumishi wake, na jini akaona haya, akasema kwamba miaka thelathini ameangalia watu wakipimwa nguo na hakuna aliyewahi kumpima yeye. Shinuna akampima, safari hii bila kucheka, akamshonea kanzu, na Burkani akaivaa, akajitazama nyuma na mbele, akalia, kisha akamwaga lulu na yakuti dukani mpaka pakakosa pa kukanyaga. Akapewa uhuru wake, lakini kahawa aliendelea kuileta kwa hiari.

Na tangu siku ile, bibi harusi wa Shamsirani akimaliza kanzu ya mumewe hukata kipande cha gauni lake akakishona pindoni, na asiyefanya hivyo huambiwa kanzu yake haijakamilika. Hekaya yetu imefika pindo, na funzo lake ni hili: mwenye kujifunza asiifiche kazi yake ya kwanza, kwani makosa yaliyomo ni yake peke yake, na hakuna mwingine awezaye kuyadai.