Chapa ya Fundi Kapela

Hadithi hii ninayo yote isipokuwa mwisho. Mwisho mnao ninyi, kwa hiyo kaeni vizuri, na asiwepo wa kunijibu kabla sijauliza.

Pale Tabora aliishi fundi wa magitaa aitwaye Kapela. Nyuzi za magitaa yake zilikuwa waya wa breki za baiskeli, na waya huo ukikazwa hauna huruma: hung'oa vigingi na kupasua tumbo la gitaa. Mafundi wengine waliishia kulalamika. Kapela alibuni vitu vitatu. Kigingi cha skrubu, kinachokaza uzi polepole na kisichorudi nyuma. Daraja la chuma, lile linalobeba nyuzi juu ya tumbo, ambalo huweza kupandishwa na kushushwa. Na mkia wenye springi ya kiti cha baiskeli, unaoshika nyuzi kwa nyuma na kulegea kidogo zikizidi kuvuta.

Akafundisha watu watatu, kila mmoja kitu kimoja. Tabu, binti yake, alikuwa na sikio la kusikia ubao kabla haujapasuka, akapewa daraja. Mihayo, mtoto wa marehemu mdogo wake, alikuwa na vidole visivyotetemeka, akapewa kigingi. Kashindye hakuwa ndugu wa mtu pale. Alikuja kutengenezewa gitaa, akabaki. Kipaji chake kilikuwa subira: angeweza kupiga tupa springi moja tangu asubuhi mpaka iishe ubishi. Akapewa mkia.

Macho ya Kapela yalipoingia ukungu, aliwaambia watengeneze pamoja gitaa moja la mninga, kisha lianikwe.

Maana kwa Kapela gitaa jipya lilitundikwa kwanza uani, nyuzi zimekazwa, likapigwa na jua tangu adhuhuri mpaka alasiri. Likipasuka au likipoteza sauti, ni kuni. Likisalimika, hupigwa chapa kichwani kwa chuma cha moto. Kila aliyelitengeneza aliruhusiwa kuligusa mara moja tu, tena pale alipotengeneza yeye.

"Likipona," mzee akasema, "mmoja wenu atashika chapa, na karakana itakuwa yake. Wawili watatafuta pa kwenda."

"Baba, kwani hatuwezi kukaa wote?" Tabu akauliza.

"Mimi na baba yake Mihayo tulishika chapa moja. Tuligombana mpaka akafa hatusemeshani. Sirudii tena."

Gitaa likaisha, likatundikwa uani adhuhuri, nao wakakaa kivulini, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jua lilipozidi kuwaka, Tabu akainuka. "Tumbo la gitaa linaumia."

"Mbona mimi sisikii kitu?" akauliza Mihayo.

"Ukisikia wewe, litakuwa limeshapasuka."

Akalishusha daraja kidogo. Chini yake palikuwa na ufa mwembamba, ndio kwanza umeanza, nao ukakomea hapo hapo.

Lakini daraja liliposhuka, nyuzi zilipoteza sauti. Sasa ikawa zamu ya Mihayo. Akikaza kupita kiasi, ufa utaendelea. Akikaza pungufu, sauti haitarudi, na akishaondoa mkono hana ruhusa ya kuurudisha. Jasho lilimwingia machoni asilifute. Alizungusha kigingi baada ya kigingi, akisikiliza, na alipoondoa mkono sauti ilikuwa imerudi kamili. Akarudi kivulini.

Alasiri ilipokaribia, upepo wa mvua ukavuma ghafla. Waya uliokuwa wa moto ukapoa na kujikaza. Uzi mwembamba kuliko yote ukaanza kulia wenyewe. Tabu na Mihayo walikuwa wamekwisha kutumia ruhusa yao, wakamgeukia Kashindye.

"Kaka, nenda kalegeze," Tabu akasema.

Kashindye hakuinuka. "Nikiugusa mkia nitaharibu sauti. Unajua kazi yake."

"Unaichezea nyumba ya baba yangu."

Machozi yalimlenga Tabu kwa hasira. Kashindye aliikalia mikono yake ili isimshawishi. Springi ikafunguka taratibu. Uzi ukanyamaza. Upepo ulipopita, springi ikarudi mahali pake.

Kapela akalichukua gitaa, akalipiga. Lilikuwa zima, na sauti ni ileile ya adhuhuri. Akakitoa chuma motoni, akauelekeza mpini kwao.

"Nisingesikia, mngekuwa mnaokota vipande," Tabu akasema.

"Gitaa zima lisilo na sauti nalo ni kuni," akasema Mihayo. "Baba mkubwa, sheria ni yako."

"Mimi sikuligusa kabisa, mzee," akasema Kashindye.

"Ndiyo maana hustahili," Mihayo akamkatiza.

"Ndiyo maana nastahili. Kazi nzuri haihitaji fundi wake aisimamie."

Mikono mitatu ikanyooshwa kwa pamoja. Lakini mzee haoni tena mkono upi ni wa nani. Anasubiri atajiwe jina. Na chuma kikipoa, mninga haushiki chapa, na gitaa lisilo na chapa kwa Kapela ni kuni kama kuni nyingine.

Haya, wenzangu, wekundu wa chuma unaanza kufifia. Mtamtajia jina la nani?