Sauti ya Bi Somoe

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mwenye simu aizime. Hadithi hii naisimulia mara moja tu, maana mwenyewe inaniuma.

Lindi walikuwepo ndugu watatu, watoto wa Mzee Mshamu, mchonga mawe ya makaburi. Mwanahawa, mkubwa, hakujua kutupa kitu. Hemedi, wa kati, alikuwa na jicho la kuona kilichopungua. Zuhura, kitindamimba, hakuwa na la ajabu ila kumbukumbu: nguo uliyovaa kwenye harusi ya miaka kumi iliyopita, umesahau wewe, yeye anayo.

Mama yao, Bi Somoe, alifia hospitali kwa maradhi ya tumbo. Alikuwa amegombana na mumewe na hawakupatana. Siku ya mwisho aliomba simu yake, akawatoa watu chumbani, akajirekodi. Kisha akamwita Mwanahawa, akamwambia rekodi ile ni ya kumpa baba yake, aisikilize mwenyewe.

Mwanahawa aliihamishia kwenye kompyuta ya nyumbani jioni ileile. Wenzake walimcheka, msiba umeingia yeye anahangaika na waya. Kesho yake simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa.

Mzee aliogopa kuisikiliza. Lakini kila siku aliwasha kompyuta akalitazama jina la mkewe, na siku moja likamkera. Mwisho wa jina palikuwa na nukta na herufi tatu zisizo na maana kwake. Katika nyumba ile waliziita mkia. Ndizo zinazoiambia kompyuta faili hii ni picha, ile ni sauti, ifunguliwe kwa programu gani. Mtu aliyechonga majina ya marehemu miaka arobaini ataacha mkia kwenye jina la mkewe? Akaufuta. Kompyuta ikamwonya kwamba faili huenda isifunguke tena. Akabonyeza ndiyo. Kisha akamwomba fundi wa mtaani aifiche mikia ya faili zote, akashukuru kuona pamekuwa safi. Ungekuwepo ungemzuia? Hata mimi nisingejua.

Mwaka uliofuata ini lilimwangusha. Akiwa kitandani, alitaka jambo moja tu: kujua kama mkewe alimwachia radhi. Wakaijaribu faili, ikakataa. Mzee akalia mbele ya wanawe. Akamwita Maalimu Chande, imamu wa mtaa, akamshuhudisha: atakayenifungulia sauti ya Somoe, nyumba hii nampa.

Hapo kila mtu akakumbuka alivyo hodari.

Hemedi alikaa kwenye kompyuta, akafungua folda, akaenda panapochagua kinachoonekana na kisichoonekana, akatia tiki kwenye viendelezi vya majina ya faili. Mikia yote ikajitokeza. Picha zilikuwa na yake, barua zilikuwa na yake, ila jina la mama lilikuwa limekatika. Akawaambia wenzake kwamba sauti haijaharibika, imepotewa na mkia tu. Aliuweka ule wa nyimbo zake, faili ikagoma. Akaweka mwingine, ikagoma. Siku mbili, mzee akizidi kuvimba miguu.

Zuhura ndiye aliyekumbuka kwamba simu ya mama ilikuwa ya zamani, na kwamba mama aliwahi kujirekodi akiimba kwa simu hiyohiyo, na wimbo ule anao kwenye kadi. Wakaichomeka kadi kwenye kompyuta. Mkia wa wimbo ulikuwa a, m, r. Hemedi akauandika kwenye jina la mama, na faili ikabadilika alama, ikawa ya sauti.

Unadhani walikimbia kwa baba yao? Kwanza waligombana. Mwanahawa akasema bila yeye wasingekuwa na cha kufungua. Hemedi akasema bila macho yake wangekuwa wameifuta. Zuhura akasema wote wawili walikwama hadi aliposema yeye. Mwanahawa alikuwa amepanga chumba kimoja na watoto wanne, hakuwa akitania.

Mwishowe wakaipeleka kompyuta kitandani. Maalimu alikuwepo. Sauti ya Bi Somoe ikatoka, nyembamba:

"Baba Mwanahawa, mara tatu nilikwambia tumbo linaniua, mara tatu ukaniambia nisubiri umalize jiwe la watu. Nimesubiri. Radhi yangu usiitafute, sikukuachia."

Basi, ikaishia hapo. Mzee aligeukia ukutani, akakataa maji, akakataa dawa, na siku ya tatu wakamzika.

Arobaini ilipopita, Maalimu aliwakusanya. Ahadi ya marehemu anayo kifuani na lazima aitimize. Akauliza, "Nani aliyemfungulia baba yenu ile sauti?"

Mwanahawa akasema yeye alihamisha faili tu, haikufunguka mikononi mwake. Hemedi akasema yeye alionyesha mikia tu, na mkia wa kweli hakuujua. Zuhura akasema, "Mimi nilikumbuka wimbo, Maalimu. Wimbo tu."

Nyumba imefungwa mpaka leo, ufunguo anao Maalimu. Mwanahawa bado yuko kwenye chumba kimoja na wanawe, na Maalimu hawezi kulala na amana ya watu.

Sasa nawauliza ninyi mlioketi hapa, na msiniangalie mimi, sijui. Kama Maalimu angekukabidhi wewe ule ufunguo, ungeuweka mkononi mwa nani, na ungemwambia nini wakati unampa?